Douglas Adams: Bingwa wa ucheshi aliyechelewa kwa kila jambo ila vifaru

MNAMO 1994, miongoni mwa kundi la watu waliokuwa safarini kuelekea Mlima Kilimanjaro palikuwa na Mwingereza mmoja, mrefu wa karibu mita mbili, aliyetembea huku amejivika vazi kubwa la kifaru. Aliyemwona njiani bila shaka alijiuliza iwapo mtu huyo alikuwa na akili timamu.

Mtu huyo alikuwa Douglas Adams, mmojawapo wa waandishi wa vichekesho waliosomwa zaidi duniani katika enzi zake. Ulikuwa mwaka aliotimiza umri wa miaka 42, nambari ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipa umaarufu wa ajabu, kama tutakavyoona. Alilivaa vazi hilo kabla ya wenzake kuanza kuupanda mlima. Harambee hiyo, iliyofanywa kwa niaba ya shirika la Save the Rhino International, ilikusanya takriban pauni 100,000 za Uingereza. Fedha hizo zilifaidi shule nchini Kenya na mpango wa kuwahifadhi vifaru weusi nchini Tanzania.

Mashabiki wa Adams kote duniani humjua kwa roboti wenye huzuni, vyombo vya angani na sayari za ajabu. Hapa kwetu ni wachache wanaofahamu kwamba kitabu alichokipenda kuliko vyote alivyoandika kinahusu wanyama waliokaribia kuangamia, na kwamba sura moja ya kitabu hicho bado inasubiri hatima yake huko Laikipia.

Douglas Noel Adams alizaliwa Machi 11, 1952, mjini Cambridge, Uingereza. Wazazi wake walitalikiana mnamo 1957, na mamake akamchukua yeye na dadake mdogo hadi Brentwood, katika jimbo la Essex, kuishi kwa wazazi wake. Nyanya yao alikuwa ameigeuza nyumba hiyo kuwa makao ya wanyama waliojeruhiwa au kutelekezwa. Kwa bahati mbaya, mvulana huyo aliugua pumu na mafua ya mzio. Hivyo alianza kufahamiana na wanyama kwa kupiga chafya.

Katika Shule ya Brentwood alirefuka upesi kuliko wenzake, hata akawa anaonekana kutoka mbali kama mlingoti. Alipokuwa bado mdogo, mwalimu mmoja alimpa alama 10 kwa 10 katika insha ya kubuni, jambo ambalo mwalimu huyo hakuwa amewahi kumfanyia mwanafunzi mwingine. Adams aliikumbuka siku hiyo maisha yake yote. Kila alipokwama katika uandishi, na alikwama mara nyingi mno, alijifariji kwa alama hizo 10.

Mnamo 1971 alijiunga na Chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge kusomea fasihi ya Kiingereza. Masomo hayakuwa lengo lake hasa. Shabaha yake ilikuwa Footlights, chama cha wanafunzi waigizaji ambacho kilikuwa kimewalea wachekeshaji wengi wa Uingereza. Mwaka huohuo, kabla ya kuanza masomo, alizunguka Ulaya kwa kuomba lifti barabarani, mfukoni akiwa na kitabu cha kuwaelekeza wasafiri maskini. Usiku mmoja, akiwa amelala shambani karibu na mji wa Innsbruck nchini Austria, akiwa amelewa na macho yake yakitazama nyota, alipata wazo kwamba mtu angefaa kuandika mwongozo wa kuomba lifti angani. Baadaye alikiri kuwa alikuwa amekisimulia kisa hicho mara nyingi kiasi kwamba alikumbuka masimulizi yake tu, wala si tukio lenyewe.

Alipohitimu mnamo 1974, milango ilionekana kufunguka. Alishirikiana na Graham Chapman, mmoja wa wachekeshaji wa kundi la Monty Python, na akawa mmoja wa watu wawili tu kutoka nje ya kundi hilo waliotajwa kuwa waandishi katika kipindi chao cha runinga. Lakini kundi lilikuwa linafikia ukingoni, na michezo aliyoandika peke yake haikupata mnunuzi.

Kufikia 1976 alikuwa hohehahe. Alirudi kuishi kwa mamake na kufanya vibarua vya kila namna. Alikuwa mchukuzi wa wagonjwa hospitalini, akajenga ghala, akasafisha vibanda vya kuku. Wakati mmoja aliajiriwa kuwa mlinzi wa familia tajiri kutoka Qatar, akawa anakesha kwenye ujia wa hoteli mjini London akiangalia lifti ikifunguka na kufungwa. Kijana aliyetazamiwa makubwa alianza kuamini kwamba hana kipaji.

Aliyemwokoa ni mtayarishaji wa vipindi vya redio, Simon Brett, ambaye mnamo 1977 alimpa nafasi ya kuandika mchezo wa majaribio kwa BBC. Mchezo huo, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, ulianza kusikika katika idhaa ya Radio 4 mnamo Machi 8, 1978, saa nne unusu usiku, saa ambayo haikutarajiwa kuwa na wasikilizaji wengi. Haukutangazwa kwa mbwembwe. Hata hivyo, sifa zake zilienea kwa mdomo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Kisa chenyewe chaanza kwa jambo ambalo msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Bwana mmoja kwa jina Arthur Dent aamka asubuhi na kukuta tingatinga nje ya nyumba yake. Nyumba inabomolewa ili kupisha barabara mpya. Aambiwa kuwa angewasilisha malalamishi mapema kwani ramani zilikuwa zimewekwa wazi, ingawa ilimbidi mtu kuzitafuta gizani katika orofa ya chini ya ofisi ya serikali ya mtaa. Kabla ugomvi huo haujaisha, vyombo vya angani vyatokea na kutangaza kuwa dunia nzima itabomolewa kupisha barabara ya anga. Hapa pia, binadamu walaumiwa kwa kutoenda kuzikagua ramani, zilizokuwa zimebandikwa kwenye nyota nyingine kwa miaka 50.

Huo ndio uliokuwa uwezo wa Adams. Alichukua kiburi cha afisa mdogo mwenye faili mkononi na kukikuza hadi kikafika mbinguni, msomaji akacheka na kuumia kwa wakati mmoja.

Katika hadithi hiyohiyo, tarakilishi kubwa kupita kiasi yapewa kazi ya kutafuta jibu la swali kuu kuhusu maisha, ulimwengu na kila kitu. Yafikiri kwa miaka milioni saba na nusu, kisha yatoa jibu: 42. Tatizo likawa kwamba hakuna aliyejua swali lenyewe lilikuwa lipi.

Kuanzia hapo wasomaji hawakumwacha alale. Walijadiliana usiku na mchana kuhusu maana ya nambari hiyo. Wapo walioihusisha na hesabu za kale, wengine wakaitafuta katika maandiko matakatifu, wengine katika vitabu vya waandishi waliomtangulia. Wapo waliogundua kwamba ukihesabu kwa mafungu ya 13 badala ya 10, sita mara tisa hutoa 42, wakadai kuwa hiyo ndiyo siri. Adams aliwajibu kwa upole kwamba hakukuwa na siri yoyote. Alitaka nambari ya kawaida isiyo na maana, akaketi mezani pake, akatazama bustani, akaichagua hiyo. Wengi hawakumwamini, na baadhi yao hawajamwamini hadi leo. Pengine huo ulikuwa ushahidi bora zaidi wa alichokuwa akikifanyia mzaha, yaani binadamu hupenda jibu hata kabla ya kulielewa swali.

Mchezo wa redio uligeuzwa kitabu mnamo 1979, kikauza nakala 250,000 katika miezi mitatu ya kwanza. Kilifuatwa na vingine vinne kati ya 1980 na 1992, na jumla ya nakala zilizouzwa wakati wa uhai wake zilizidi milioni 15. Mwaka 1981 hadithi hiyo iliingia kwenye runinga ya BBC kwa sehemu sita.

Wakati huohuo, Adams alikuwa akiandikia mfululizo wa runinga wa Doctor Who, na mnamo 1979 akawa mhariri wa miswada yake. Mswada mmoja ulipokataliwa dakika za mwisho, yeye na mtayarishaji Graham Williams walijifungia na kuandika mwingine mwishoni mwa juma moja tu. Matokeo yake, City of Death, yalitazamwa na zaidi ya watu milioni 16 katika sehemu yake ya mwisho, ingawa yafaa kukumbukwa kuwa runinga shindani ilikuwa imefungwa na mgomo.

Kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuandika mchezo mzima kwa siku chache alihitaji kufungiwa kwanza? Sisi tunaoketi kwenye meza ya uhariri tunawafahamu waandishi wa aina hii. Makataa hupita, simu haishikwi, na inapopatikana huambiwa kuwa kazi imebaki ukurasa mmoja, ambao bado haujaandikwa. Adams alikuwa gwiji wao. Waigizaji wa redio walikuwa wakirekodi huku yeye akiwa chumba cha pili akiandika maneno ambayo wangeyasema punde si punde. Inasimuliwa kuwa wachapishaji wa riwaya yake ya kwanza walichoka, wakamwamuru amalize ukurasa aliokuwa akiuandika na kuwapa walichonacho, na ndiyo sababu kitabu hicho hukatika ghafla. Kwa riwaya ya nne, iliyotoka 1984, mhariri wake Sonny Mehta alilazimika kuhamia naye hotelini kwa majuma kadhaa ili kuhakikisha anaandika. Akikwepa kazi, aliingia bafuni na kuoga kwa muda mrefu, akitoka anarudi tena.

Haukuwa uvivu mtupu. Wenzake walieleza kuwa aliogopa ukurasa mtupu, na kila sentensi aliipima upya hadi aridhike. Kipindi cha 1976 kilikuwa kimemwachia kidonda. Umaarufu haukukiponya, bali ulimwongezea watu wa kuwakatiza tamaa.

Mabadiliko yalikuja mnamo 1985. Gazeti moja la Uingereza lilimtuma Madagascar pamoja na mtaalamu wa wanyama, Mark Carwardine, kumtafuta aye-aye, mnyama wa usiku wa jamii ya lemuri ambaye ni nadra kuonekana. Adams alitumwa kwa kuwa hakujua lolote kuhusu jambo hilo, na gazeti lilitaka macho ya mtu mgeni. Walimwona mnyama huyo kwa sekunde chache tu msituni. Sekunde hizo zilitosha kumgeuza mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa amezisafiri galaksi akiwa kitini.

Kati ya 1988 na 1989, wawili hao walizunguka dunia kuwatafuta wanyama waliokuwa wamebaki wachache. Walikwenda Indonesia kuwaona mijusi wakubwa wa Komodo, New Zealand kumtafuta kakapo ambaye ni kasuku mnene asiyeweza kuruka, China kumtafuta pomboo wa Mto Yangtze, na Mauritius kuwaona ndege na popo. Barani Afrika walifika Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuwaona sokwe wa milimani, kisha wakaelekea kaskazini hadi Mbuga ya Garamba.

Huko Garamba waliishi vifaru weupe wa kaskazini wa mwisho waliokuwa porini kote duniani. Walikuwa takriban 22. Adams alimkaribia mmoja wao kwa miguu, akashangaa jinsi mnyama mkubwa hivyo anavyoutambua ulimwengu kwa pua zaidi kuliko kwa macho. Alijaribu kuwaza jinsi dunia ilivyo kwa kiumbe ambaye harufu ndiyo habari yake ya asubuhi. Aliandika hayo kwa ucheshi uleule, ila safari hii ucheshi ulikuwa na hofu ndani yake. Katika riwaya zake sayari nzima hupotea kwa kosa la ofisi, msomaji akacheka. Hapa kiumbe halisi kilikuwa kinapotea kwa sababu ya pembe yake, na hapakuwa na mwongozo wa kuelekeza la kufanya.

Masimulizi ya safari hizo, Last Chance to See, yalitangazwa redioni mnamo 1989 na kuchapishwa mwaka uliofuata. Kitabu hicho hakikuuzwa kama riwaya zake, lakini hadi kufa kwake ndicho alichojivunia zaidi. Kuanzia hapo akawa mlezi wa Save the Rhino International, na ndivyo alivyojipata ndani ya vazi la kifaru katika njia ya Kilimanjaro.

Mambo mengine yalimtokea kwa kuchelewa pia. Alimwoa wakili Jane Belson mnamo 1991, na binti yao wa pekee alizaliwa Juni 1994, mwaka uleule wa safari ya Kilimanjaro. Alikuwa mpenzi mkubwa wa tarakilishi na aliitambua nguvu ya mtandao mapema kuliko waandishi wengi. Mnamo 1999 kampuni aliyoshiriki kuianzisha ilizindua kamusi elezo ya mtandaoni iliyoandikwa na watumiaji wenyewe, takriban miaka miwili kabla ya Wikipedia kuzaliwa. Mwaka huo alihamia California, Marekani, akitumai kwamba hatimaye filamu ya kitabu chake ingetengenezwa. Alikuwa amelisubiri jambo hilo kwa takriban miaka 20.

Hakuiona. Mei 11, 2001, akiwa kwenye ukumbi wa mazoezi ya viungo mjini Montecito, alipatwa na mshtuko wa moyo na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 49. Aliacha riwaya ambayo haijakamilika, na vipande vyake vilichapishwa mwaka uliofuata. Filamu ilitoka 2005. Majivu yake yalizikwa katika makaburi ya Highgate, London, ambako wasomaji wake huacha kalamu juu ya kaburi la mtu aliyeogopa kuishika kalamu. Kila Mei 25 mashabiki hutembea na taulo mabegani, kwa kuwa katika hadithi yake taulo ndicho kifaa muhimu kuliko vyote kwa msafiri wa angani.

Je, wale wanyama walikuwaje? Sokwe wa milimani, waliokuwa mia chache, walipita 1,000 katika hesabu iliyotangazwa 2018. Kakapo, waliokuwa takriban 40, leo wamezidi 200. Pomboo wa Yangtze alitafutwa kwa majuma mengi mwaka wa 2006 asionekane hata mmoja, wataalamu wakakata tamaa.

Vifaru wa Garamba walionekana kwanza kuwa na bahati. Kufikia 2003 walikuwa wamefika takriban 30. Kisha wawindaji haramu wenye bunduki wakawafagia. Mnamo 2005 palikuwa na mpango wa kuwahamishia watano nchini Kenya ili waokolewe, lakini ukagonga mwamba wa siasa. Mwaka huo wa 2005 walihesabiwa wanne tu, na baada ya 2006 hakuna aliyethibitishwa kuonekana porini. Carwardine aliporudia safari zile mnamo 2009 akiwa na mwigizaji Stephen Fry, rafiki wa Adams, kifaru wa Garamba hakuwepo tena wa kutazamwa.

Mnamo Desemba mwaka huohuo, vifaru wanne wa jamii hiyo waliosafirishwa kutoka bustani ya wanyama katika Jamhuri ya Cheki waliwasili katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia. Suni alikufa 2014. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 19, 2018, akiwa na miaka 45, na picha za mlinzi akiagana naye zikaizunguka dunia. Wamebaki Najin na bintiye Fatu, wanaolindwa na askari wenye silaha usiku na mchana. Najin alizaliwa 1989, mwaka ambao Adams alikuwa akiwasimulia Waingereza redioni kuhusu jamaa zake wa Garamba. Fatu alizaliwa 2000, mwaka mmoja kabla ya mwandishi huyo kuaga dunia.

Hakuna kati yao anayeweza kubeba mimba. Tangu 2019 wanasayansi wamekuwa wakivuna mayai na kuyatungisha kwa mbegu zilizogandishwa za madume waliokufa, na kufikia mwanzoni mwa 2024 walikuwa na viinitete takriban 30 vya kupandikizwa kwa vifaru weupe wa kusini. Mwaka huo ilitangazwa kwamba jaribio la awali, lililotumia kiinitete cha kifaru wa kusini, lilikuwa limeshika mimba, ingawa mama aliyeibeba alikufa kwa maambukizi.

Tangu 2003 mhadhara wa kila mwaka umekuwa ukiandaliwa London kwa jina la Adams, na mapato yake huenda kwa vifaru na mazingira. Hivyo mtu aliyewakimbia wahariri wake maisha yake yote angali kazini miaka mingi baada ya kuzikwa.

Katika uandishi, makataa yakipita mhariri hununa, kisha hutafuta nafasi katika toleo lijalo. Adams aliishi kwa huruma hiyo, na aliitumia vibaya mara nyingi. Alipofika Garamba alitambua kwamba vifaru 22 hawakuwa na toleo lijalo, na hapo ndipo alipoacha kuchelewa. Kwa sasa makataa hayo yameletwa kwetu. Yamelala kwenye nyasi za Ol Pejeta, ni majike wawili, mama na binti, na Najin ameshapita umri wa kuvunwa mayai.